Adhabu Ilipovuka Kipimo: Siku 14 za Kukata Rufaa

Katika nyumba nyingi za jamii yetu, siku ya hukumu humalizika kwa namna moja. Watu hurejea kimya, mama hupelekwa chumbani, wazee hukaa barazani, na ifikapo Magharibi majirani huanza kuingia kana kwamba pana msiba. Dua husomwa. Siku ya pili huwa hivyo hivyo, na ya tatu. Wiki mbili zikishapita na nyoyo zimeanza kutulia, mjomba mmoja hujikohoza akauliza: “Jamani, hivi hakuna pa kwenda kulalamika?” Mahali palikuwapo. Lakini kwa kesi zinazohukumiwa katika mahakama za shirikisho nchini Marekani, mlango wake hufungwa siku ya 14.

Tumeona vema tuliandikie jambo hili kwa sababu familia za ukanda wetu zenye jamaa Marekani si haba. Kijana akipatwa na mkono wa sheria kule, khabari huja kwa simu ya usiku, nusu yake kilio na nusu yake maneno ya kisheria yasiyoeleweka. Aliyeko Tanga au Mombasa hawezi kwenda kusimama mbele ya jaji wa Ohio. Lakini anaweza kumwuliza wakili swali lililo sahihi, na kuliuliza mapema. Makala haya ni kwa ajili ya swali hilo.

Nasi tuseme wazi tangu mwanzo: hatumtetei mhalifu kwa uhalifu wake. Dini yetu imetuamrisha kusimamia uadilifu hata unapotugusa sisi wenyewe na jamaa zetu. Aliyekosa na aadhibiwe. Ila uadilifu huo huo ndio unaodai kuwa aliyekosa apimiwe kwa mizani iliyo sawa, asipunjwe wala asizidishiwe. Rufaa dhidi ya adhabu haisemi “hakutenda”. Husema tu: “kipimo kimezidi, na aliyezidisha atueleze kwa nini.”

Kipimo kinavyopatikana

Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kurekebisha utoaji wa adhabu. Malalamiko ya wakati ule yalikuwa ya haki: watu wawili wenye kosa moja na historia moja walitoka mahakamani na adhabu zilizopishana kwa miaka mingi, kwa kuwa tu kila mmoja aliangukia mikononi mwa jaji wake. Ikaundwa tume maalumu, nayo ikatunga mwongozo ulioanza kutumika tarehe 1 Novemba 1987. Sheria hiyo hiyo iliondoa utaratibu wa parole katika kesi za shirikisho. Tangu hapo miaka inayotamkwa na jaji hukaribiana sana na miaka atakayokaa mfungwa, isipokuwa mapunguzo machache yaliyowekwa na sheria. Kwa hiyo kila mwezi unaoongezwa siku ya hukumu ni mwezi wa kweli katika umri wa mtu.

Moyo wa mwongozo huo ni jedwali. Ubavuni mwake mna ngazi 43 za uzito wa kosa, na juu yake mna makundi 6 ya historia ya mtuhumiwa mbele ya sheria. Pale mstari wa ngazi unapokutana na safu ya kundi, pana tarakimu mbili: idadi ndogo ya miezi na idadi kubwa. Kwa mfano, mtu aliye ngazi ya 21 ambaye hajawahi kuhukumiwa huangukia kati ya miezi 37 na 46. Mwenye kosa la ngazi hiyo hiyo lakini aliye katika kundi la sita, la wenye historia nzito kabisa, huangukia kati ya miezi 77 na 96.

Hebu tumfikirie kijana wa mfano tu, aliye katika kundi la kwanza. Familia imeambiwa itarajie miaka mitatu, ikizidi sana ni miaka mitatu na miezi kumi. Siku ya hukumu jaji anatamka miezi 72, yaani miaka sita kamili. Je, ana uwezo huo? Na kama anao, je, una mpaka?

Kesi mbili zilizobadilisha mambo

Jibu lake lilipatikana kwa watu waliokataa kunyamaza baada ya kuhukumiwa. Wa kwanza alikuwa Ralph Blakely wa jimbo la Washington, aliyekiri kumteka nyara mkewe waliyekuwa wametengana. Kwa mambo aliyoyakiri, kiwango cha kawaida cha jimbo lile kiliishia miezi 53. Jaji akasema kuwa kitendo kile kilifanywa kwa ukatili wa makusudi, akampa miezi 90. Hakuna juri, yaani jopo la raia wanaoamua ukweli wa kesi, lililowahi kuulizwa kuhusu ukatili huo, wala Blakely hakuukiri. Tarehe 24 Juni 2004 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitengua adhabu hiyo. Ikiwa sheria inamlazimisha jaji kubaki ndani ya kiwango, jambo litakalomvusha nje ya kiwango hicho lazima likiriwe na mshtakiwa au lithibitishwe mbele ya juri bila shaka yoyote ya maana.

Wa pili ni Freddie Booker, aliyeshtakiwa katika mahakama ya shirikisho kwa kokeini. Juri liliridhika kuwa alikutwa na angalau gramu 50. Kwa hayo peke yake, adhabu ya juu kabisa ya mwongozo ilikuwa miezi 262, sawa na miaka 21 na miezi 10. Siku ya adhabu jaji mwenyewe aliamua kuwa Booker alihusika na gramu nyingine 566, akampa miaka 30. Tarehe 12 Januari 2005 Mahakama ya Juu ilisema kuwa hilo nalo haliwezi kusimama.

Lakini dawa waliyoitoa majaji ilikuja na ladha ambayo wengi hawakuitarajia. Badala ya kuamuru kila nyongeza ipelekwe mbele ya juri, waliuondolea mwongozo wa shirikisho nguvu yake ya kulazimisha. Tangu siku ile, mwongozo huo umekuwa ushauri. Jaji hana budi kuuhesabu na kuutazama, lakini anaweza kushuka chini yake au kupanda juu yake, maadamu hajavuka ukomo uliowekwa na sheria yenyewe ya kosa husika. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya huruma ukawa ndio mlango wa ukali pia.

Basi jibu la swali letu ni hili: ndiyo, jaji anaweza kutoa miezi 72 pale palipopendekezwa 46. Asichoweza ni kufanya hivyo kimya kimya.

Vizingiti viwili vya mahakama ya rufaa

Namna rufaa hizi zinavyopimwa iliwekwa wazi tarehe 10 Desemba 2007 katika kesi ya Brian Gall, mwanafunzi wa Iowa aliyejiondoa mwenyewe katika biashara ya dawa za kulevya na kurekebisha maisha yake kabla ya kushtakiwa. Mwongozo ulipendekeza miezi 30 hadi 37 gerezani. Jaji alimpa uangalizi wa miezi 36 nje ya gereza. Mahakama ya rufaa ikaitengua adhabu hiyo kwa kuiona nyepesi mno, na Mahakama ya Juu ikairejesha. Ingawa Gall alikuwa akitetea huruma, kanuni zilizotokana na kesi yake ndizo zinazotumika kwa yule aliyezidishiwa.

Kizingiti cha kwanza ni cha utaratibu. Je, jaji alikihesabu kiwango cha mwongozo kwa usahihi? Je, aliuona mwongozo kuwa amri ilhali ni ushauri? Je, aliyatazama mambo yote ambayo sheria imemtaka ayatazame: aina ya kosa, historia ya mtu, usalama wa raia, na haja ya kuepusha tofauti zisizo na sababu baina ya watu wa kosa moja? Je, alijenga adhabu juu ya mambo yasiyo ya kweli? Na je, alieleza sababu zake, hasa sababu za kutoka nje ya kiwango? Sheria inamtaka azitamke hadharani siku ile ile ya adhabu, na akitoka nje ya kiwango aziandike kwa ubayana. Kuteleza kokote kukubwa katika haya kunaweza kuifanya adhabu irudishwe kutolewa upya.

Kizingiti cha pili ni cha kiasi chenyewe. Hata kama utaratibu ulifuatwa, je, adhabu ile ina mantiki kwa mtu yule na kosa lile? Hapa ndipo wengi hushindwa, na ni bora familia ilijue hilo mapema kuliko kuuziwa matumaini. Mahakama ya rufaa hairuhusiwi kudhania kuwa adhabu ni mbaya kwa kuwa tu imevuka kiwango. Haitoshi kwa majaji watatu wa rufaa kusema “sisi tungetoa pungufu.” Ni lazima waone kuwa jaji aliitumia vibaya hiari aliyopewa. Hata hivyo, kadiri alivyokiacha mbali kiwango, ndivyo sababu zake zinavyotakiwa kuwa nzito zaidi. Kuongeza miezi mitatu na kuongeza miaka mitatu haviwezi kubebwa na sababu ya uzito mmoja.

Kwa hiyo wakili mzuri wa rufaa haanzi na machozi ya mama. Huanza na karatasi. Huulizia mwenendo wa kesi ulioandikwa neno kwa neno, waraka wa sababu za jaji, na taarifa ya kabla ya adhabu iliyotayarishwa na ofisa wa uangalizi wa mahakama. Humo ndimo makosa hukaa.

Na makosa hayo hutokea. Katika kesi ya Rosales-Mireles, hukumu moja ya zamani ilihesabiwa mara mbili katika historia ya mshtakiwa. Ofisa hakuliona, wakili hakuliona, upande wa mashtaka haukuliona, wala jaji. Kiwango kikasomeka miezi 77 hadi 96 badala ya 70 hadi 87, naye akapewa 78. Kosa hilo lilionekana kwa mara ya kwanza kwenye rufaa. Mahakama ya rufaa ilikubali kuwa ni kosa la dhahiri, lakini ikakataa kulirekebisha. Tarehe 18 Juni 2018 Mahakama ya Juu iliamua kuwa, kwa kawaida, kosa la namna hiyo linapaswa kurekebishwa hata kama halikulalamikiwa mapema. Mtu asikae gerezani muda mrefu kuliko inavyostahiki kwa sababu ya hesabu iliyokosewa na wengine.

Siku 14 na mtu wa kuzihesabu

Sasa turudi barazani, kwenye swali la mjomba. Taarifa ya kukata rufaa katika kesi ya jinai ya shirikisho hutakiwa kuwasilishwa ndani ya siku 14 tangu hukumu ilipoingizwa katika kumbukumbu za mahakama. Hukumu inaweza kuingizwa siku kadhaa baada ya kutamkwa, lakini ushauri wetu ni kuanza kuhesabu siku ile ile ilipotamkwa, ili mtu asichezee ukingo. Mahakama inaweza kuongeza hadi siku 30 kwa sababu ya kuridhisha, ila hiyo ni hisani ya kuombwa, si haki ya kutegemewa.

Taarifa yenyewe si mzigo. Ni karatasi fupi inayosema tu kuwa mhukumiwa anakata rufaa. Hoja huja baadaye. Tena, jaji akishatoa adhabu humjulisha mhukumiwa haki yake ya rufaa, na mhukumiwa akiomba, karani wa mahakama hutakiwa kumwandalia na kumwasilishia taarifa hiyo papo hapo. Asiye na uwezo wa kulipa huteuliwa wakili kwa gharama ya serikali. Umasikini, kwa hiyo, si sababu ya kunyamaza.

Wa kutoa agizo ni mhukumiwa mwenyewe. Si mama, si mke, si imamu wa msikiti. Kazi ya familia ni kuhakikisha kuwa amelitoa: amwambie wakili wake kwa maneno yaliyo wazi, “Nataka rufaa,” na ikiwezekana kwa maandishi. Wakili aliyeagizwa hivyo akakaa bila kuwasilisha taarifa huwa ameshindwa wajibu wake wa kikatiba. Mahakama ya Juu ililisema hilo mwaka 2000, na mwaka 2019 ikalikariri katika kesi ya Garza, hata kwa mtu aliyekuwa ametia saini ya kuachilia haki ya rufaa.

Kuna kazi nyingine inayotangulia siku ya adhabu, nayo hupuuzwa sana. Taarifa ya kabla ya adhabu humfikia mshtakiwa na wakili wake angalau siku 35 kabla ya kikao, na pingamizi huandikwa ndani ya siku 14 tangu waipokee. Isomwe mstari kwa mstari. Kama tarehe ya kosa la zamani si sahihi, kama kiasi kilichotajwa kimezidi, kama kimeandikwa kisichokuwapo, lisemwe wakati huo. Barua za wazee, za mwajiri, za walimu wa madrasa zipelekwe kwa wakili kabla ya kikao hicho. Mahakama ya rufaa haipokei barua mpya wala mashahidi wapya. Husoma yale tu yaliyokwisha kuwekwa mbele ya jaji wa kwanza. Barua nzuri iliyochelewa ni sawa na maji yaliyoletwa baada ya nyumba kuungua.

Pia wakili na apinge palepale. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilisema kuwa kuomba adhabu fupi mbele ya jaji kunatosha kumhifadhia mtu hoja kwamba aliyopewa ni ndefu mno. Lakini kosa la utaratibu, mfano wa sababu zisizotosheleza, ni salama zaidi likipingwa kabla ya jaji kuinuka kitini.

Hatari na mipaka

Tutakuwa hatukuwatendea haki wasomaji tukiacha upande wa pili. Walio wengi katika mahakama za shirikisho hukiri kosa kwa makubaliano na upande wa mashtaka, na mara nyingi ndani ya makubaliano hayo mna kifungu cha kuachilia haki ya rufaa. Baadhi ya vifungu hubakisha haki hiyo iwapo adhabu itavuka kiwango fulani, na vingine havibakishi. Kifungu hicho kisomwe kabla ya saini, si baada yake.

Rufaa ikishinda, aghalabu mtu haachiwi huru. Hurudishwa kwa ajili ya adhabu mpya, na jaji anaweza kutoa pungufu, au akatoa ile ile kwa maelezo yaliyokamilika zaidi. Na wakati rufaa inasubiriwa, kwa kawaida mfungwa hubaki gerezani.

Je, adhabu inaweza kuongezwa? Mwaka 2008, katika kesi ya Greenlaw, Mahakama ya Juu ilisema kuwa mahakama ya rufaa haiwezi kumzidishia mtu adhabu ikiwa serikali yenyewe haikukata rufaa. Lakini serikali nayo ina mlango wake. José Padilla, Mmarekani aliyesilimu, alipewa mwaka 2008 miaka 17 na miezi 4, chini kabisa ya mwongozo uliopendekeza miaka 30 hadi maisha. Upande wa mashtaka ukakata rufaa, adhabu ikatenguliwa mwaka 2011, na mwaka 2014 akapewa miaka 21. Mizani hiyo hupima pande zote mbili.

Tena haya tuliyoyaeleza ni ya mahakama za shirikisho. Kila jimbo lina sheria zake. Minnesota, wanakoishi Waislamu wengi wenye asili ya Afrika Mashariki, ilikuwa na mwongozo wake tangu mwaka 1980, na muda wake wa rufaa ni mwingine. Swali la kwanza kwa wakili, kabla ya mengine yote, na liwe: “Hii ni kesi ya jimbo au ya shirikisho, na siku zetu ni ngapi?”

Hata hapa nyumbani

Na msomaji asidhani kuwa haya ni ya ng’ambo peke yake. Kenya ilitangaza mwongozo wake wa sera za adhabu mwaka 2016, na rufaa kwenda Mahakama Kuu hupewa siku 14 vilevile. Tanzania, kwa rufaa zinazotoka mahakama za wilaya na za hakimu mkazi, taarifa ya kusudio hutolewa ndani ya siku 10, na sababu za rufaa ndani ya siku 45. Majaji wetu nao wangali wakifuata kanuni iliyotamkwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1954: adhabu haiguswi kwa kuwa tu mkubwa angetoa nyingine, bali pale ilipojengwa juu ya msingi mbaya, ilipoacha jambo la maana, au ilipozidi kwa namna iliyo dhahiri. Bahari imetutenga, lakini mizani ni ya sura moja.

Tunarudi basi kwenye ile nyumba iliyojaa watu baada ya Magharibi. Hatusemi dua zisisomwe. Zisomwe, na mama afarijiwe. Lakini kutawakali hakumzuii mtu kumfunga ngamia wake. Katika umati ule na achaguliwe mmoja, kijana mwenye simu na kalamu, aachwe nje ya mazungumzo. Aandike tarehe ya hukumu juu ya karatasi, ahesabu siku, na kesho yake asubuhi ampigie wakili amwulize mambo matatu: kiwango cha mwongozo kilikuwa kipi, jaji alitoa sababu gani za kukivuka, na taarifa ya rufaa itawasilishwa lini. Majibu yake ayasome barazani, mbele ya wazee, kabla ya jua la siku hiyo kuzama.